Nguzo Kumi za Kambi ya Kigali

Katikati ya jiji la Kigali, mji mkuu wa nchi jirani ya Rwanda, mahali palipokuwa kambi kubwa ya jeshi la serikali ya zamani, zimesimama nguzo kumi za mawe. Kila nguzo ni ya mtu mmoja. Ubavuni mwa kila nguzo mna mikato iliyochongwa, na mikato hiyo ni hesabu ya miaka aliyoishi mtu huyo. Anayetaka kuihesabu haimchukui muda mrefu, kwani wanaokumbukwa hapo walikuwa vijana. Karibu na nguzo hizo iko nyumba ndogo ambayo kuta zake zina matundu ya risasi. Matundu hayo hayakuzibwa. Yameachwa kwa makusudi, ili atakayefika aone kwa macho yake yaliyotendeka hapo tarehe 7 Aprili, 1994.

Nguzo hizo hazikusimamishwa kwa ajili ya Wanyarwanda. Ni kumbukumbu ya askari kumi wa Ubelgiji, luteni mmoja, sajenti mmoja na makoplo wanane, waliokuwa wamevaa kofia za buluu za Umoja wa Mataifa. Walikwenda Rwanda kulinda amani. Waliuawa ndani ya kambi ya jeshi, mikononi mwa askari wenzao, baada ya kunyang'anywa silaha.

Ndugu wasikilizaji, miji mingi ya Afrika ina sanamu na minara ya vita iliyoachwa na wakoloni. Katika jiji la Dar es Salaam iko Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 na Waingereza kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, vita ambavyo havikuwa vyao. Kumbukumbu ya Kigali ni ya namna nyingine. Hapa ni nchi huru ya Kiafrika inayotunza kumbukumbu ya askari wa kigeni, tena askari wa taifa ambalo liliitawala nchi hiyo hadi mwaka 1962, na ambalo utawala wake ndio uliowagawa wananchi kwa vitambulisho vya kabila. Jambo kama hilo halifanyiki bila sababu. Kwa kila mwananchi aliyeapa kulinda watu kwa silaha, awe mwanajeshi au polisi, sababu hiyo inafaa kuelezwa kwa ukamilifu.

Habari yenyewe ina mizizi hapa nchini. Tarehe 4 Agosti, 1993, serikali ya Rwanda na chama cha RPF zilitia saini mkataba wa amani katika mji wa Arusha. Mkataba huo ulikubali kuundwa kwa serikali ya pamoja na kuunganishwa kwa majeshi ya pande mbili, na ulihitaji jeshi lisiloegemea upande wowote kusimamia utekelezaji wake. Ndipo mwezi Oktoba mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipounda kikosi kilichojulikana kwa jina la UNAMIR, chini ya Jenerali Romeo Dallaire wa Kanada. Askari wake walitoka nchi nyingi, zikiwamo Ghana, Bangladesh na Ubelgiji. Wabelgiji walikuwa zaidi ya mia nne, nao ndio waliokuwa na mafunzo mazuri na vifaa vizuri kuliko wenzao. Kwa hiyo walipewa kazi nzito kupita zote, yaani usalama wa jiji la Kigali.

Lakini kikosi hicho kilifungwa mikono tangu mwanzo. Silaha zake zilikuwa nyepesi, risasi zake chache, na amri zake zilimruhusu askari kufyatua risasi kwa kujilinda tu. Waliopanga kuuvunja mkataba wa Arusha walizisoma amri hizo vizuri kuliko walioziandika. Walijua kikosi hicho kingeweza kufanya nini, na zaidi ya hapo walijua kisingeweza kufanya nini.

Tarehe 11 Januari, 1994, miezi mitatu kabla ya maafa, Jenerali Dallaire aliupelekea Umoja wa Mataifa huko New York ujumbe wa siri. Alieleza habari alizopewa na mtu aliyekuwa ndani ya kundi la Interahamwe. Mtu huyo alisema kwamba silaha zilikuwa zimefichwa jijini, kwamba vijana walikuwa wakifunzwa kuua Watutsi, na kwamba ulikuwapo mpango maalum juu ya askari wa Ubelgiji. Askari hao wangechokozwa. Wakitumia nguvu, baadhi yao wauawe, ili Ubelgiji iondoe jeshi lake nchini Rwanda. Jenerali aliomba ruhusa ya kuzitafuta silaha hizo. Hakupewa. Aliambiwa kazi hiyo imo nje ya mamlaka yake, na kwamba habari hizo azifikishe kwa Rais wa Rwanda na kwa mabalozi.

Jioni ya tarehe 6 Aprili, 1994, Rais Juvénal Habyarimana alikuwa akirudi Kigali kutoka mkutano wa viongozi uliofanyika Dar es Salaam. Katika ndege yake alikuwamo pia Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ndege hiyo ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua, baada ya saa mbili usiku, na wote waliokuwamo wakafa.

Kwa sheria, baada ya kifo cha Rais, kiongozi wa serikali aliyebaki alikuwa Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini Rwanda. Kabla ya kuingia katika siasa alikuwa mwalimu. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu, lakini hakukubali siasa ya kuwachinja Watutsi, na kwa hiyo wenye siasa kali walimchukia kama walivyowachukia Watutsi wenyewe. Usiku ule ule, katika makao makuu ya jeshi, Kanali Théoneste Bagosora alikataa katakata kuutambua uongozi wa mama huyo.

Jenerali Dallaire aliona njia moja ya kuituliza nchi. Waziri Mkuu afikishwe Radio Rwanda alfajiri, azungumze na wananchi, awaambie kuwa serikali ipo. Yafaa msikilizaji alifikirie jambo hili. Usiku ule kituo kingine cha redio, RTLM, kilikuwa kikieneza chuki, na uvumi kwamba Wabelgiji ndio walioiangusha ndege ya Rais ulikuwa ukipita jijini kama moto wa nyika. Kati ya sauti ya kuponya na sauti ya kuua palikuwa na safari fupi tu, kutoka nyumba ya Waziri Mkuu hadi kituo cha redio. Safari hiyo ndiyo waliyopewa Luteni Thierry Lotin na askari wake tisa waisindikize.

Waliondoka na magari manne madogo ya jeshi wakipita katika jiji lililojaa vizuizi, na wakafika nyumbani kwa Bibi Uwilingiyimana kabla ya mapambazuko. Walikuta hapo askari watano wa Ghana waliokuwa zamu ya ulinzi. Mara baada ya kufika, nyumba ilizingirwa na askari wa serikali, wakiwamo wa Kikosi cha Ulinzi wa Rais, na risasi zikaanza. Safari ya kwenda redioni ilikwisha kabla haijaanza. Waziri Mkuu alikimbilia nyumba ya jirani pamoja na mumewe na watoto wao. Luteni Lotin alizungumza na mkuu wake kwa redio ya upepo. Alieleza kwamba amezingirwa na kwamba anatakiwa kusalimisha silaha. Kwanza aliambiwa asizitoe, azungumze nao. Baadaye, baadhi ya askari wake walipokuwa wamekwisha kunyang'anywa silaha, aliambiwa kwamba yeye aliye mahali penyewe ndiye mwenye kuamua. Hakuna kikosi kilichofika kumsaidia.

Ni rahisi kwa mtu aliyeketi mbali, miaka mingi baadaye, kuuliza kwa nini hawakupigana. Swali hilo ni la haki, na nchini Ubelgiji liliulizwa kwa uchungu sana. Lakini atakayeliuliza ajibu pia maswali mengine. Nani aliyewafunza kwa miezi mingi kwamba bunduki yao ni ya kujilinda tu? Nani aliyewapa silaha nyepesi wakabili magari ya deraya? Ni nani aliyekuwa na onyo la tarehe 11 Januari mezani pake akaliweka kando? Askari huamua kwa dakika chache, lakini njia zilizobaki wazi mbele yake wakati huo huwa zimekatwa na wakubwa miezi mingi nyuma.

Askari kumi wa Ubelgiji na watano wa Ghana walipakiwa katika basi dogo wakapelekwa Kambi ya Kigali. Katika nyumba ya jirani, Bibi Uwilingiyimana alitafutwa, akapatikana, akauawa pamoja na mumewe. Watoto wake watano walinusurika. Aliyewatorosha ni ofisa mwingine wa kigeni, Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiyekuwa na silaha yoyote. Kapteni huyo aliendelea kuwaokoa watu kwa wiki kadhaa, akiwapitisha wachache wachache katika vizuizi vya wauaji, hadi alipouawa kwa kombora tarehe 31 Mei, 1994.

Huko kambini habari zilikuwa zimetangulia. Askari waliambiwa kwamba hao ndio Wabelgiji waliomuua Rais. Walipoteremshwa tu walivamiwa na kupigwa. Askari wa Ghana walitengwa, wakaondolewa, wakaachwa hai. Jambo hili lastahili kuzingatiwa sana. Kama ingalikuwa ni ghasia tu za askari waliopandwa na hasira, zisizojua mtu na mtu, Waghana nao wangalikufa. Kilichofanyika ni kile kile kilichoandikwa katika onyo la Januari: Wabelgiji wauawe, ili Ubelgiji iondoke.

Baadhi yao walikufa papo hapo nje. Waliosalia walijitupa ndani ya nyumba ndogo iliyokuwa karibu na lango, iliyotumiwa na waangalizi wa Umoja wa Mataifa. Walifanikiwa kupata bunduki moja kutoka kwa washambuliaji, na kwa bunduki hiyo moja waliuzuia mlango kwa saa kadhaa. Mwishowe walimalizwa kwa risasi na mabomu ya kutupa kwa mkono. Hiyo ndiyo nyumba yenye matundu. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Asubuhi hiyo hiyo, Jenerali Dallaire akiwa njiani kwenda kwenye mkutano wa maofisa wa Rwanda, alipita mbele ya lango la kambi, akaona miili miwili yenye sare za Ubelgiji. Aliendelea na safari. Baadaye alieleza kwamba hakuwa na nguvu ya kuivamia kambi hiyo. Mkutano aliouendea uliongozwa na Kanali Bagosora, katika chuo cha kijeshi kilicho jirani na kambi. Maofisa walikutana, wakazungumza juu ya usalama wa nchi, na kwa muda wote huo wageni wao walikuwa wakiuawa hatua chache kutoka hapo.

Yaliyofuata yaliwapa wauaji walichokitaka. Katika siku chache ndege za Ulaya zilifika Kigali, na majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yakawaondoa raia wa kizungu. Tarehe 11 Aprili, askari wa Ubelgiji waliokuwa katika shule ya ufundi ya ETO, huko Kicukiro, waliondoka na kuwaacha nyuma watu wapatao elfu mbili waliokuwa wamekimbilia kwao. Wauaji walikuwa wakisubiri nje ya lango. Watu hao waliswagwa hadi Nyanza, kilima kilicho karibu, na walio wengi wakauawa. Ubelgiji ikaondoa jeshi lake lote. Tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama likaamua UNAMIR ipunguzwe ibaki na watu wapatao 270 tu, wakati mauaji yalikuwa yameenea nchi nzima.

Hapo ndipo ilipo maana ya nguzo kumi za Kigali. Anayemwona mlinzi wa amani aliyeuawa hudhani kuwa aliyelengwa ni mlinzi huyo. Si kweli. Mlinzi huuawa ili afikiwe anayelindwa. Wabelgiji kumi waliuawa ili waondoke mia nne, na mia nne waliondoka ili pasiwepo shahidi wala kizuizi mbele ya mapanga. Serikali ya Rwanda huhesabu waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kuwa zaidi ya milioni moja, katika muda wa siku mia moja hivi. Ukizipanga nguzo kumi kando ya hesabu hiyo ni kidogo sana. Lakini hizo kumi ndizo zilizokuwa komeo la mlango.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Rwanda ya mwaka 1994, mgeni alikuja, akapigwa, akaondoka, na mwenyeji akaangamia.

Hata hivyo hawakuondoka wote. Askari wa Ghana, chini ya Jenerali Henry Anyidoho, walibaki Kigali pamoja na Jenerali Dallaire. Walibaki na wachache kutoka nchi nyingine, bila chakula cha kutosha, bila dawa, chini ya mizinga ya pande mbili. Katika sehemu walizozilinda, kama uwanja wa michezo wa Amahoro, maelfu ya watu walipona. Kwa hiyo hawasemi kweli wanaodai kwamba mwezi ule wa Aprili hapakuwa na la kufanya ila kuondoka. Waghana hawakuwa na silaha bora kuliko Wabelgiji. Walikuwa nazo duni. Tofauti ilikuwa katika amri iliyotoka makwao. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, watu 27 wa UNAMIR walipoteza maisha katika kazi hiyo ya Rwanda, na kati yao wamo Waafrika ambao majina yao hutajwa mara chache. Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliamua iwepo nishani ya ushujaa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne. Ni heshima iliyochelewa miaka ishirini, lakini inamstahili.

Ndugu wasikilizaji, sehemu ya pili ya habari hii ni ya sheria, nayo pia ilipita katika nchi hii. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa na Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994 ikaketi Arusha, katika mji ule ule uliotiwa saini mkataba uliovunjwa. Mbele ya mahakama hiyo alisimamishwa Kanali Bagosora. Mwezi Desemba 2008 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari na makosa mengine, na mauaji ya Waziri Mkuu na ya askari wa Ubelgiji yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyosikilizwa. Mwaka 2011, katika rufaa, baadhi ya makosa yalifutwa na kifungo kikapunguzwa kuwa miaka 35. Alifia nchini Mali mwezi Septemba 2021, akiwa bado mfungwa. Ofisa mwingine, Meja Bernard Ntuyahaga, alishtakiwa kwa kuwachukua askari hao na kuwafikisha kambini. Alipita katika mikono ya mahakama ya Arusha na katika mahakama za Tanzania, kisha akaenda Ubelgiji, na mwaka 2007 mahakama ya Brussels ikamhukumu kifungo cha miaka 20.

Katika hukumu za Arusha limo jambo moja ambalo kila mwenye cheo begani, wa jeshi au wa polisi, hapana budi alijue kwa moyo. Mkubwa hana hatia kwa yale aliyoyaamuru peke yake. Ana hatia pia kwa yale waliyoyatenda walio chini yake, kama alijua au alikuwa na sababu ya kujua, na asiwazuie wala kuwaadhibu. Kusema kwamba askari walikuwa wamepandwa na hasira hakumwokoi. Kambi ya jeshi si soko. Ina lango, ina mlinzi wa zamu, ina ofisa wa zamu, ina mkuu. Mtu aliyeingizwa humo bila silaha, awe mateka, mfungwa au mgeni, yu chini ya dhamana ya kambi nzima, kama vile mahabusi alivyo chini ya dhamana ya kituo cha polisi. Siku nidhamu inapovunjika ndani ya lango, sare zile zile huwa nguo za wahalifu.

Ubelgiji nayo ilijihukumu, ijapokuwa kwa kusitasita. Kanali Luc Marchal, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha Umoja wa Mataifa katika jiji la Kigali, alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi nchini mwake, na mwaka 1996 akaonekana hana hatia. Mwaka 1997 Baraza la Seneti la Ubelgiji lilitoa ripoti ya uchunguzi wake. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ulichapisha ripoti iliyokiri kwamba umoja huo uliwaacha Wanyarwanda. Na tarehe 7 Aprili, 2000, Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Guy Verhofstadt, alisimama Kigali akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Mwakilishi wa taifa lililopoteza vijana kumi hakwenda kudai fidia tu ya damu hiyo. Alikwenda kukiri kwamba nchi yake ilikimbia.

Uhusiano wa serikali hizo mbili haukuwa mwema siku zote baada ya hapo. Tarehe 17 Machi, 2025, Rwanda ilitangaza kuvunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji kwa sababu ya ugomvi juu ya vita vya mashariki ya Kongo. Serikali hugombana na hupatana. Hiyo ndiyo kawaida ya siasa za dunia. Lakini koplo aliyekufa akiuzuia mlango kwa bunduki moja hakuwa na ugomvi na mtu yeyote wa Kigali. Heshima yake haitegemei balozi yuko au hayuko.

Kwa Tanzania, habari hii si hadithi ya watu wa mbali. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilaya ya Ngara. Wananchi wa Ngara waliuona mzigo wa nchi jirani iliyoachwa bila mlinzi ukiwashukia mabegani. Na vijana wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania wamekwisha kuvaa kofia hizo hizo za buluu. Tarehe 13 Julai, 2013, saba kati yao waliuawa huko Darfur, nchini Sudan. Tarehe 7 Desemba, 2017, wengine wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la usiku kwenye kituo chao cha Semuliki, Kivu ya Kaskazini, katika nchi jirani ya Kongo. Waliowashambulia Semuliki walikuwa na shabaha ile ile ya Kigali, kwamba mlinzi akiumizwa vya kutosha atakunja hema lake, na wanakijiji watabaki peke yao. Tanzania ilizika watu wake kwa heshima, na jeshi lake likabaki kazini nchini Kongo.

Nchi hii inajua kuwatunza mashujaa wake. Waliokufa katika vita vya kumwondoa Idi Amin wana makaburi yao Kaboya, mkoani Kagera, na waliokufa nchini Msumbiji wana makaburi yao Naliendele, mkoani Mtwara. Hayo ni makaburi ya nyumbani, yenye ndugu wa kuyafagia. Askari anayefia ugenini hutegemea wenyeji wasimsahau. Kwa hiyo kila mwanajeshi anayepanda ndege kwenda nchi nyingine kulinda watu asiowajua ana haja ya kujua kwamba duniani upo mji mmoja ambao ulipoteza watu wake kwa mamia ya maelfu, na bado ukapata nafasi katikati yake ya nguzo kumi za wageni.

Lakini nguzo ni heshima ya baadaye. Heshima ya kwanza ni ile anayopewa askari akiwa hai: amri iliyo wazi, silaha inayolingana na kazi, mkubwa anayejibu anapoitwa kwenye redio ya upepo, na serikali isiyoyaweka maonyo kando. Luteni Lotin na wenzake walikosa yote manne. Walichobaki nacho ni chumba kimoja, mlango mmoja na bunduki moja, na kwa hivyo walifanya walichoweza. Yeyote atakayepita Kigali afike hapo, ahesabu mikato katika nguzo moja tu, kisha aitazame nyumba ile na mlango wake.